Kiingereza ndani ya ukurasa wa Kiarabu: niliyojifunza kwenye tovuti ya korosho Mtwara

Kazi yangu hapa Mtwara ni tovuti. Nyingi ni za Kiswahili, chache za Kiingereza: nyumba za wageni za Shangani na Mikindani, maduka ya vifaa vya ujenzi, vikundi vya wakulima. Kiarabu kilinijia kupitia korosho. Korosho ghafi nyingi za mikoa yetu ya kusini husafirishwa kwenda India na Vietnam, lakini wapo wafanyabiashara wanaobangua hapahapa na kutafuta soko Oman na Falme za Kiarabu, na wanunuzi wa huko hupenda kusoma kwa lugha yao. Mmoja wa wafanyabiashara hao alikuwa na tovuti yenye kurasa za Kiarabu, iliyotengenezwa na fundi mwingine. Akanikabidhi niiangalie, kwa sababu mteja wake wa Maskati alilalamika mambo mawili: namba ya simu haipatikani, na bei hazieleweki.

Nilianza na namba. Kwenye skrini niliiona sawasawa: alama ya kujumlisha mwanzo, 255, kisha mafungu ya tarakimu. Nikainakili na kuibandika kwenye simu yangu, ikatoka kinyumenyume. Tuseme namba ilikuwa +255 111 222 333. Iliyobandikwa ikawa 333 222 111 255+. Nilipofungua msimbo wa ukurasa nikakuta ndivyo ilivyoandikwa humo. Fundi aliyetangulia aliona ukurasa wa Kiarabu unayapindua mafungu ya namba, akayaandika kinyume makusudi, ili yakipinduliwa yakae sawa. Machoni yakakaa sawa kweli. Lakini mteja wa Maskati hakuishia kutazama. Alinakili, na simu yake ikapokea kilichoandikwa, si kilichoonekana.

Ukurasa ulikuwa umejaa tiba za aina hiyo. Sentensi za Kiingereza zilianza na nukta. Sharti la malipo liliandikwa ".Payment before shipment", na kwa kuwa ukurasa unatoka kulia kwenda kushoto, ile nukta ya mwanzo ilionekana kulia, mwishoni mwa sentensi, kana kwamba mambo ni shwari. Kiungo cha ukurasa kikitumwa WhatsApp, maelezo mafupi yaliyojitokeza chini yake yalikuwa na nukta mbele. Kwenye matokeo ya utafutaji ilikuwa vilevile. Mfanyabiashara wa watu, mwenye mzigo safi ghalani na vyeti vyote mkononi, akaonekana kwa wageni kama mtu asiyejali anachoandika.

Hapo ndipo nilipochukua msimamo ambao naushikilia hadi leo. Maandishi yaandikwe kwa mpangilio wake wa kweli, herufi ya kwanza kwanza na ya mwisho mwisho, kisha kompyuta ielezwe kando kwamba kipande hiki kinaelekea upande gani. Ukiyapanga upya maandishi ili yapendeze kwenye skrini moja, umeyaharibu kwa kila atakayeyanakili, kuyatafuta, kuyatuma au kuyasikiliza kwa programu ya kusomea wasioona.

Ili msimamo huo ueleweke, inafaa kujua kompyuta inafanyaje. Kumbukumbu yake haina kulia wala kushoto. Inahifadhi herufi kwa mfuatano wa kusomwa, iwe ni Kiarabu, Kiebrania, Kiajemi, Kiurdu au Kiswahili. Upande unaamuliwa wakati wa kuonyesha, kwa kanuni za maandishi ya pande mbili za Unicode, kiwango cha kimataifa cha herufi za kompyuta, ambazo vivinjari vyote vikubwa vinazifuata. Kanuni hizo zinazigawa alama kwa tabia. Herufi za Kilatini zina nguvu ya kwenda kulia, za Kiarabu zina nguvu ya kwenda kushoto. Tarakimu ni dhaifu: ndani ya namba moja zinakwenda kushoto kwenda kulia hata katika Kiarabu, lakini namba nzima inajipanga kufuatana na mazingira yake. Nukta, nafasi, mabano na alama ya kuuliza peke yake hazina upande. Zikizungukwa na herufi za upande mmoja zinafuata upande huo. Zikiwa mpakani, zinafuata ukurasa.

Ukilishika hilo, vituko karibu vyote vinajieleza. Nukta ya mwisho wa sentensi ya Kiingereza ina herufi ya Kilatini nyuma yake na haina kitu mbele, basi inafuata ukurasa na kukimbilia kushoto. Alama ya kujumlisha ya +255 haina herufi kabla yake isipokuwa Kiarabu, basi inabaki kulia. Nafasi kati ya mafungu ya namba ya simu zinachukua mwelekeo wa ukurasa, na mafungu yanapangwa kuanzia kulia. Hakuna kilichoharibika kwenye kompyuta. Imetii ilichoambiwa, na ilichoambiwa ni kwamba aya hii yote ni ya Kiarabu.

Uzito wa katoni ulinipa mfano mzuri zaidi wa kufundishia wengine. Katoni ya korosho zilizobanguliwa kwa kawaida ni ratili 50, yaani kilo 22.68, na tovuti ilikuwa na mstari huu wa Kiingereza: "22.68 kg net, vacuum packed." Ndani ya ukurasa wa Kiarabu ulionekana ".kg net, vacuum packed 22.68". Namba iliyo mwanzoni haina herufi ya Kilatini kabla yake ya kuivuta, kwa hiyo ilibaki kulia peke yake, na maneno yote yakajipanga kushoto kwake. Ukimwonyesha mtu mstari huo bila maelezo, atafikiri 22.68 ni bei au ni idadi.

Suala la bei nisingeligundua mwenyewe. Kiarabu changu ni cha chuo cha Kurani: nasoma herufi na natambua maneno, lakini siwezi kuipima sentensi ya biashara. Aliyetafsiri kurasa zile ni ustadh mmoja wa Mikindani anayesomesha madrasa, na nilimwendea na laptopu baada ya swala ya alasiri, tukakaa barazani kwake.

"Shikamoo, ustadh."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe hicho kinachomsumbua mtu wa Maskati."

Nikamfungulia aya iliyotaja madaraja matatu ya korosho kwa mkupuo, W240, W320, LWP, na baada yake bei tatu kwa mfuatano uleule. Akasoma kwa sauti, kidole kikienda na mstari kutoka kulia. Kilipofika kwenye madaraja kikasita.

"Bei ya kwanza ni ya ipi?"

"Ya W240, ustadh."

"Mimi nikitoka kulia, ya kwanza nakutana na LWP."

Nikainama kuangalia anapoonyesha. Alikuwa amesema kweli. Madaraja yale matatu yote yanaanza na herufi za Kilatini na kati yake kuna mkato na nafasi tu, hakuna neno la Kiarabu. Mikato ikazungukwa na Kilatini pande zote, ikafuata Kilatini, na orodha nzima ikawa kipande kimoja kinachokwenda kushoto kwenda kulia: W240 kushoto kabisa, LWP kulia. Bei zilizofuata ni namba tupu, na orodha ya namba zilizotenganishwa kwa mkato na nafasi ndani ya Kiarabu hujipanga kutoka kulia. Orodha mbili zikawa zinatembea pande tofauti ndani ya sentensi moja.

W240 ni korosho nzima nyeupe zinazoingia kati ya 220 na 240 katika ratili moja. W320 ni kati ya 300 na 320, ndogo kidogo, ndizo zinazouzwa sana. LWP ni vipande vikubwa vyeupe, si korosho nzima. Kwa msomaji wa Kiarabu, vipande vilikuwa vimepewa bei ya korosho kubwa nzima, na W240 ikapewa bei ya vipande. Hebu fikiria mazungumzo ya simu kati ya muuzaji na mnunuzi, kila mmoja ana ukurasa uleule mbele yake na kila mmoja ana hakika na anachokisoma. Hapo mtu anaweza kuitwa tapeli bila kosa lolote.

Tiba ya hapo inataka uangalifu, kwa sababu tiba inayokuja haraka kichwani haisaidii. Ukiizungushia orodha yote tagi moja (alama ya msimbo inayofungua na kufunga kipande) yenye dir="ltr", yaani kushoto kwenda kulia, umeithibitisha ilivyo: itaendelea kwenda kushoto kwenda kulia. Kinachotakiwa ni kila daraja liwe ndani ya tagi yake, W240 peke yake, W320 peke yake, LWP peke yake, na mikato ibaki nje. Tagi ya bdi ipo kwa kazi hiyohiyo. Inakitenga kilicho ndani na kilicho nje: ndani, W240 inasomeka kwa mwelekeo wake, nje, kipande kizima kinahesabiwa kama kitu kisicho na upande, na mikato inafuata Kiarabu. Nilipobadilisha palepale barazani na kuupakia ukurasa upya, ustadh akaweka kidole kulia na kusoma W240, kisha W320, kisha LWP, na bei zikakaa kila moja na mwenyewe.

Tangu siku ile nafunga kitu kimoja kimoja. Jina la bidhaa ni kitu, daraja ni kitu, namba ya simu ni kitu, anwani ya barua pepe ni kitu. Mstari si kitu.

Namba ya simu niliirudisha kwenye mpangilio wake halisi, nikaizungushia tagi yenye dir="ltr", na nikahakikisha kiungo cha kupigia nacho kina namba iliyonyooka. Kwenye fomu, kisanduku cha aina ya tel chenyewe huwa kinakwenda kushoto kwenda kulia hata ndani ya ukurasa wa Kiarabu, lakini cha barua pepe na cha anwani ya tovuti ni lazima uviambie, la sivyo mkwaju (/) wa mwisho wa anwani unahamia mbele. Nukta zote za mwanzoni nilizirudisha mwishoni, moja baada ya nyingine, na kila sentensi ya Kiingereza ikapata tagi yake. Ilikuwa kazi ya kuchosha macho na sikuona njia ya mkato, kwa sababu hakuna programu inayoweza kujua nukta ipi iliwekwa mbele kwa makusudi.

Watu huniuliza kama lang="ar" haitoshi. Haitoshi. Hiyo inasema lugha, haisemi mwelekeo; mwelekeo unasemwa na dir="rtl", yaani kulia kwenda kushoto, kwenye tagi ya html inayobeba ukurasa mzima. Na ni vema usemwe hapo kuliko kwenye CSS, msimbo wa mitindo ya ukurasa, kwa sababu mwelekeo ni sehemu ya maandishi yenyewe, na mitindo ikishindwa kupakiwa kwa intaneti ya kusuasua ukurasa unabaki unasomeka. Kwa upande wa mitindo, mengi yanamalizwa kwa kuacha kutaja left na right na kutumia start na end, mfano margin-inline-start, ili nafasi zigeuke zenyewe lugha ikibadilika. Jingine ni la urembo lakini linaumiza: letter-spacing. Mtu anaiweka ili vichwa vya habari vya Kiingereza vipumue, inaingia kwenye Kiarabu na kuzitenganisha herufi zinazopaswa kushikana mikono.

Kuna dir="auto" nayo, ambayo wengi huipenda kwa kuwa inaonekana inajiamulia. Inaangalia herufi ya kwanza yenye nguvu na kuufanya huo ndio mwelekeo wa kipande chote. Kwenye ujumbe wa wateja inafaa sana. Mfanyabiashara wangu anasoma ujumbe huo kwenye ukurasa wa Kiswahili, na kabla ya hapo swali la Kiarabu lilimfikia likiwa na alama ya kuuliza upande usio wake. Lakini mteja akiandika "W320" kwanza na kuendelea kwa Kiarabu, herufi ya kwanza yenye nguvu ni W, na ujumbe wote wa Kiarabu unapangwa kama Kiingereza. Wanunuzi wa korosho huanza na daraja karibu kila mara. Kwa hiyo kwenye fomu ya ukurasa wa Kiarabu niliacha kisanduku cha ujumbe kiwe rtl moja kwa moja, na auto nikaibakiza kwa majina ya watu na makampuni, ambako siwezi kujua litakuja kwa hati ipi.

Vistari vilinishangaza zaidi ya vyote. Namba zilizounganishwa kwa kistari, mfano 2023-10-12, zikifuata neno la Kiarabu zinapinduka na kuonekana 12-10-2023. Zikifuata neno la Kiebrania hazipinduki. Zilizounganishwa kwa mkwaju, 12/10/2023, hazipinduki popote. Sababu ni kwamba baada ya herufi ya Kiarabu tarakimu zetu zinahesabiwa kama tarakimu za Kiarabu, na kistari hakina ruhusa ya kuunganisha tarakimu za aina hiyo, wakati mkwaju, nukta na mkato vinayo. Ndiyo maana 22.68 yenyewe haikuvunjika katikati. Anayejaribu kurasa zake kwa Kiebrania tu na kudhani Kiarabu kitafuata ataumbuka hapo.

Na kuna mahali tagi haziingii kabisa: ujumbe mfupi wa simu, kichwa cha barua pepe, jina la ukurasa kwenye kivinjari. Huko zinatumika alama za Unicode zisizoonekana. U+2066 inafungua kipande cha kushoto kwenda kulia, U+2069 inakifunga. Ziliingia na Unicode 6.3 mwaka 2013, toleo lilelile lililoleta kanuni ya kuyahesabu mabano mawili kama jozi, ambalo liliokoa mabano mengi yaliyokuwa yakitawanyika. Nazitumia, lakini zinawekwa na programu wakati wa kutuma, na kamwe siziruhusu kwenye hifadhidata. Alama ya zamani kama U+202A ikinasa mbele ya namba ya simu na mtu akainakili, ataitafuta namba ambayo macho yanaiona ni ileile na kompyuta itamwambia haipo. Mwaka 2021 Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba alama za jamii hii zinaweza kufanya msimbo wa programu uonekane unasema jambo moja huku mashine ikisoma jingine, na ndiyo sababu programu nyingi za kuandikia msimbo sasa zinakuonya zikiziona.

Nasikia wenzangu wa kazi wakisema mambo haya ni ya Uarabuni, sisi huku yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Barua za Kiswahili za kale kabisa zilizosalia ziliandikwa Kilwa, mkoani Lindi, mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na zimehifadhiwa Goa nchini India. Pwani hii iliandika kutoka kulia kwa karne kadhaa kabla ya kuandika kutoka kushoto. Bado wapo wazee Mikindani na Kilwa Kivinje wanaoweka kumbukumbu za familia kwa hati hiyo, na vijana wao wakitaka kuzipiga chapa na kuziweka mtandaoni pamoja na tarehe na majina ya Kilatini, watakutana na nukta ileile na mafungu yaleyale ya namba.

Kwenye tovuti ya korosho kazi iliyobaki ilikuwa ya watu. Bidhaa mpya zinaingizwa na karani wa ghala, dada mmoja mchapakazi sana, na sikutaka ajue tagi hata moja. Nilimtengenezea fomu yenye kisanduku kimoja kwa kila kitu: daraja, uzito, aina ya kifungashio, bei. Anaandika kama anavyoandika siku zote, na kiolezo cha ukurasa ndicho kinachokifunga kila kipande peke yake. Msimu ulipofunguka Oktoba aliingiza mzigo wote mwenyewe, na ustadh alipoupitia hakukuta pa kuweka kidole.

Kilichobaki wazi ni kisanduku cha maelezo ya ziada, ambamo mtu anaweza kuchanganya Kiarabu, "vacuum packed" na namba ya kontena katika sentensi moja, na hapo kiolezo hakina namna ya kujua kipande kinaanzia wapi. Hayo yananijia kwanza kabla hayajapanda hewani. Nafunga vipande kwa mkono, natuma picha ya skrini Mikindani, na nasubiri ustadh aseme anakisoma nini akitoka kulia.